Safari ya Kwenda Kutazama Safari: Somo la Kupanga Wakati, Fedha na Usalama

Msomaji, kabla hujaanza kusoma somo hili, chukua kalamu na karatasi. Somo lenyewe ni la jiografia, lakini ndani yake mna hesabu nyingi, tena ni hesabu za kweli ambazo mtu akizikosea huenda akalala njiani.

Wanafunzi wengi wa shule zetu wanapenda mbio za magari. Wanayajua majina ya madereva kuliko wanavyoyajua majina ya mito. Si vibaya. Wakisikia kwamba Safari Rally inakaribia, huomba wapelekwe Naivasha kuitazama. Wazazi nao huuliza maswali mawili: Itagharimu kiasi gani? Na mtoto wangu atarudi salama? Hayo ni maswali mazuri, na anayetaka kwenda yampasa awe na majibu yake kabla hajaomba ruhusa. Kusudi la somo hili ni kuonyesha jinsi majibu hayo yanavyopatikana.

1. Hesabu ya dakika tano

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mtu akienda kutazama mpira, hukaa mahali pamoja akauona mchezo wote. Katika mbio za magari za porini sivyo. Gari hupita mbele yako mara moja, likaenda zake. Je, utaliona kwa muda gani?

Tuseme gari linakwenda kilometa 108 kwa saa. Kilometa 108 ni mita 108,000, na saa moja ina sekunde 3,600. Ukigawanya utapata mita 30 kwa kila sekunde. Kama mahali uliposimama unaweza kuona mita 300 za njia, basi gari hilo utaliona kwa sekunde 10. Magari yakiwa 30, utakuwa umetazama mbio kwa sekunde 300, yaani dakika tano tu.

Mtu ataondoka kwao asubuhi na kurudi jioni, naye katika saa zote hizo ameona mbio kwa dakika tano. Nyingine zote ni saa za kukaa ndani ya basi, kutembea, kungoja, kula, kunywa maji, kujikinga na jua na vumbi, na kutafuta njia ya kurudi. Dakika tano zile hazihitaji mpango wako, maana zimekwisha pangwa na wenye mashindano. Kinachohitaji mpango ni saa zile nyingine. Zikipangwa vizuri, dakika tano zitakuwa tamu na mtu atazisimulia mwaka mzima. Zikipangwa vibaya, atakumbuka kiu tu.

2. Zamani na sasa

Ni vema tujue kwa nini mpango unahitajiwa sasa kuliko zamani.

Mashindano haya yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia yake ilipita katika nchi tatu, yaani Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na mwaka 1974 yakapewa jina la Safari Rally. Katika mwaka 1973, mbio za ubingwa wa dunia zilipoanzishwa, Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yaliyohesabiwa.

Sifa yake kubwa ilikuwa ugumu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vile vile, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, naye wa Kenya, alishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Katika miaka hiyo magari yalipita katika barabara za kawaida, zile zile zinazotumiwa na malori na wachunga ng'ombe, tena kwa maelfu ya kilometa. Kwa hiyo mashindano yaliwafuata watu makwao. Mkulima aliweza kusimama kwenye ukingo wa shamba lake usiku akaona taa zikija. Hakuhitaji basi wala chakula cha safari.

Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya dunia, ikarudi mwaka 2021, na makao yake yakawa Naivasha. Lakini ilirudi kwa sura nyingine. Mashindano yenyewe hukatwa vipande vifupi, ambavyo huitwa mikondo, na kila mkondo hufanyika katika njia iliyofungwa, hasa ndani ya mashamba makubwa na hifadhi za wanyama. Magari hushindana dhidi ya saa, moja moja, wala si kwa kufukuzana. Basi siku hizi watu ndio wanaoyafuata mashindano. Na anayefuata kitu chenye kasi asipofikiri kwanza, atafika baada ya kitu hicho kupita.

3. Chagua siku moja na mahali pamoja

Kosa la kwanza la wageni ni kutaka kuona yote. Hilo haliwezekani. Tazama ramani ya Bonde la Ufa kati ya Naivasha na Nakuru, kisha linganisha na mpango wa mwaka 2025, mashindano yalipofanyika kuanzia tarehe 20 hadi 23 Machi:

Alhamisi, mkondo mfupi wa kufungulia ulikuwa Kasarani, Nairobi.

Ijumaa, magari yalikuwa kuzunguka Ziwa Naivasha na kusini yake, katika mikondo kama Loldia, Geothermal na Kedong.

Jumamosi, yalikwenda kaskazini, upande wa Ziwa Elmenteita, katika mikondo ya Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior. Jina hili la mwisho ni la kilima ambacho kwa mbali hufanana na mtu aliyelala chali.

Jumapili, yalirudi karibu na Naivasha, na mkondo wa kumalizia ukawa Hell's Gate.

Utaona kwamba kila siku ina pande zake. Mtu anayetoka Nakuru yuko karibu na mikondo ya Jumamosi, na anayetoka Nairobi yuko karibu na ule wa Alhamisi. Basi usiulize, "Siku gani ni nzuri zaidi?" Uliza, "Siku gani iko karibu na kwetu?" Na kwa kuwa mpango hubadilika mwaka hata mwaka, hakikisha una ratiba na ramani ya mwaka ule ule unaokwenda, iliyotolewa na waandalizi wenyewe. Ratiba ya mwaka jana haifai hata kufungia karanga.

Jambo jingine la kuangalia ni kalenda ya shule. Mwaka 2021 mashindano yalikuwa mwezi wa Juni, lakini mwaka 2024 yalihamishiwa Machi, yakaangukia sikukuu ya Pasaka. Mwaka 2025 pia yalikuwa Machi, lakini si siku za sikukuu. Machi ni mwezi wa muhula wa kwanza, tena ni mwezi ambao mvua za masika zinakaribia au zimekwisha anza. Kwa hiyo ruhusa ya mkuu wa shule yatakiwa mapema, na makoti ya mvua vile vile.

4. Hesabu ya wakati: anza mwisho, rudi nyuma

Kila gari la mashindano lina watu wawili. Mmoja ni dereva, wa pili ni mwelekezi. Watu humsifu dereva, lakini mwelekezi ndiye mwenye daftari. Kabla ya mashindano wao wawili huruhusiwa kupita katika kila mkondo mara mbili kwa mwendo wa pole, dereva akisema anachokiona, kona hii ni kali, hapa pana jiwe, hapa njia hupanda, na mwelekezi akiandika. Siku ya mashindano humsomea dereva maandishi hayo mbele ya kila kona. Zaidi ya hayo, mwelekezi hutunza saa. Gari likichelewa kufika katika kituo cha wakati, huongezewa sekunde 10 kwa kila dakika iliyochelewa. Likiwahi kabla ya wakati wake, huongezewa dakika nzima kwa kila dakika iliyowahi. Basi gari lenye kasi likiwa na mwelekezi mzembe laweza kushindwa hata bila kupata pancha.

Ninyi pia mchague mwelekezi wenu mapema: mwanafunzi mmoja mwenye saa, ramani na daftari. Kazi yake ya kwanza ni hesabu ifuatayo.

Tuchukue mfano wa shule iliyo Nakuru, inayotaka kwenda Soysambu siku ya Jumamosi. Mikondo mingi hupitwa mara mbili, asubuhi na tena mchana. Tuseme ratiba yaonyesha kwamba gari la kwanza la zamu ya mchana litaondoka saa 7:00 mchana, na kwamba njia ya watazamaji itafungwa saa 5:00 asubuhi. Basi usianze kuhesabu kutoka wakati wa kuamka. Anza na saa 5:00, urudi nyuma.

Kutoka Nakuru hadi pale ni kiasi cha kilometa 40: tuweke saa moja.
Njia ya vumbi na foleni ya magari mpaka mahali pa kuegesha: saa moja.
Kutembea kwa miguu mpaka mahali pa kutazamia: nusu saa.
Akiba ya pancha, au mtu kuugua tumbo: saa moja.

Jumla ni saa tatu na nusu. Ukizitoa katika saa 5:00 asubuhi, unapata saa 1:30 asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya basi kuondoka. Si saa ya wanafunzi kuanza kutafuta viatu.

Sasa kurudi. Tuseme magari ni 30, na kila moja hufuata jingine baada ya dakika 3. Yote yatachukua dakika 90 kupita, yaani mpaka saa 8:30 mchana. Kuondoka pale kutahitaji saa mbili na nusu zile zile za kwendea, na zaidi ya hapo saa moja ya msongamano, maana watu wote huondoka kwa pamoja. Mtafika shuleni saa 12:00 jioni, jua bado lipo. Mpango huu unafaa.

Lakini shule iliyo Nairobi ikitaka kwenda mahali pale pale, hesabu hubadilika. Barabarani peke yake yahitajiwa kiasi cha saa tatu badala ya moja. Fanya hesabu mwenyewe: lazima basi liondoke saa 11:30 alfajiri, nalo litarudi saa 2:00 usiku. Wanafunzi watasafiri gizani mara mbili kwa siku moja, katika barabara yenye malori mengi na miteremko, huku dereva akiwa amechoka. Mpango huu haufai, hata kama basi lipo na fedha zipo.

Shule hiyo ina njia mbili. Yaweza kulala usiku mmoja Naivasha au Gilgil, mahali palipotayarishwa tangu mapema, kwa mfano katika shule nyingine itakayokubali kuwapokea. Au yaweza kuchagua mkondo ulio karibu na kwao, kama ule wa Kasarani wa mwaka 2025. Hesabu ikikataa, usigombane nayo. Badili safari.

5. Hesabu ya fedha

Bei nitakazotaja hapa ni za kujifunzia tu. Utakapopanga safari yako, weka bei utakazoambiwa. Tuseme wanafunzi ni 20 na walimu 2, jumla watu 22, na walimu hawatozwi.

Kukodi basi: shilingi 22,000
Chakula, shilingi 400 kwa kila mtu: shilingi 8,800
Kiingilio na maegesho, shilingi 100 kwa kila mtu: shilingi 2,200
Dawa za huduma ya kwanza: shilingi 1,000
Jumla: shilingi 34,000
Akiba, sehemu moja katika kumi: shilingi 3,400
Jumla kuu: shilingi 37,400

Ukigawanya kwa wanafunzi 20, kila mmoja atatoa shilingi 1,870.

Hapa pana mtego ambao umevunja safari nyingi za shule. Wanafunzi wanne waliojiandikisha husema siku ya mwisho, "Baba hakupata fedha." Sasa wamebaki wanafunzi 16 na walimu 2. Wengi hudhani kwamba gharama nazo zitapungua kwa kadiri ile ile. Sivyo. Chakula hupungua hadi shilingi 7,200 na kiingilio hadi 1,800, kwa sababu hivyo hufuata idadi ya watu. Lakini basi ni shilingi 22,000 zile zile, hata viti vikiwa vitupu, na dawa ni 1,000 zile zile. Jumla ni shilingi 32,000, akiba ni 3,200, na jumla kuu 35,200. Ukigawanya kwa 16, kila mmoja atatoa shilingi 2,200. Watu wanne wameondoka, na kila aliyebaki ameongezewa shilingi 330.

Ndiyo maana walimu huweka siku ya mwisho ya kulipa, na ndiyo maana basi halikodiwi kabla ya siku hiyo. Mzazi asidhani ni ukali. Ni njia ya kumlinda yule mwenye shilingi 1,870 kamili, ambaye hana 330 za kuongeza asubuhi ya safari.

Na ile akiba isichezewe. Wahenga walisema akiba haiozi. Ikiwa haikutumika, igawanywe na kila mtu arudishiwe chake, hesabu isomwe mbele ya wote. Mwaka ujao wazazi watatoa fedha bila manung'uniko.

6. Mahali pa kusimama

Hili ndilo fungu kubwa kuliko yote katika somo, na ombi langu ni kwamba wazazi walisome pamoja na watoto wao.

Tarehe 11 Juni 1955, katika mbio za Le Mans huko Ufaransa, gari moja liligonga jingine likaruka, na vipande vyake vikaingia katikati ya watazamaji. Walikufa watu zaidi ya 80. Tarehe 5 Machi 1986 nchini Ureno, katika mbio za aina hii yetu ya Safari, watazamaji walikuwa wamejaa pande zote mbili za njia, hata wengine wakisimama ndani ya njia yenyewe na kuruka pembeni gari likikaribia. Dereva mmoja akashindwa kulizuia gari lake, likaingia katika umati. Watazamaji watatu walikufa, na wengine zaidi ya 30 wakaumia. Watu hao wote walikwenda kustarehe kama tunavyotaka kwenda sisi.

Kumbuka hesabu yetu ya kwanza: gari huenda mita 30 kwa sekunde. Mtu akishtuka, sekunde moja hupita kabla mguu haujaondoka chini, na gari limekwisha kula mita 30. Hakuna kijana mwepesi kiasi cha kushinda hesabu hiyo. Usalama hauko katika miguu yako. Uko mahali ulipochagua kusimama kabla gari halijaja.

Basi shikeni kanuni hizi:

Kwanza, msisimame upande wa nje wa kona. Gari likiteleza, huelekea nje daima, kama jiwe linalochomoka katika kombeo.

Pili, msisimame mbele ya kilele cha mwinuko, mahali ambapo gari huruka. Likiwa hewani halina usukani wala breki.

Tatu, simameni mahali palipoinuka, mbali na njia, ambapo nyuma yenu pana nafasi ya kurudi. Msijiweke kati ya njia na ukuta, au kati ya njia na korongo.

Nne, utepe wa waandalizi ni ukuta. Msiuvuke, msiuegemee, msipite chini yake. Msimamizi akisema "Rudini nyuma", rudini, hata kama wengine wanabaki.

Tano, msivuke njia kwa kufuata kimya. Vumbi la Bonde la Ufa ni laini kama unga, tena lina asili ya majivu ya volkano. Gari moja likipita, vumbi husimama hewani na kulificha linalofuata.

Sita, kiatu, kofia au simu ikianguka njiani, hiyo si mali yako tena mpaka mkondo umalizike.

7. Mzigo

Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi na usiku ni baridi, na mchana jua ni kali. Kwa hiyo kila mtu achukue sweta na kofia vyote viwili, koti la mvua, kitambaa cha kufunika pua, na viatu vya kufunika vidole. Mwenye pumu aende na dawa yake mfukoni, si ndani ya basi, na mwalimu aambiwe.

Maji ni lita 3 kwa kila mtu. Watu 22 watahitaji lita 66, yaani mitungi minne ya lita 20. Yachemshwe shuleni usiku wa kuamkia safari. Msitegemee kuyanunua huko, kwa sababu ya bei na kwa sababu ya sheria pia. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki imekatazwa Kenya, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi. Kila mtu awe na chupa yake ya kudumu, na chakula kifungwe katika vyombo vitakavyorudi nyumbani.

Msisahau kwamba mahali mnapokwenda pana wenyewe. Ziwa Elmenteita, pamoja na Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria, liliwekwa na UNESCO mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa dunia, hasa kwa ajili ya ndege wake. Katika nyika ya Soysambu wamo twiga, pundamilia na nyati. Kando ya Ziwa Naivasha hutoka viboko wakati wa usiku kula majani. Kwa hiyo hakuna kutangatanga, hakuna kuogelea, wala hakuna kwenda haja peke yako kichakani. Takataka zote zirudi katika basi.

8. Kuhesabu watu, na siku ya kusema hapana

Gawanyeni wanafunzi 20 katika makundi manne ya watu watano, kila kundi na kiongozi wake. Mwalimu hawezi kutazama vichwa 20 katika vumbi, lakini kiongozi anaweza kutazama vinne. Watu wahesabiwe mara nne: kabla ya kupanda basi asubuhi, mkishuka, kabla gari la kwanza halijapita, na kabla ya basi kuondoka kurudi. Kubalianeni mahali pa kukutania, kama chini ya mti mkubwa au kwenye lango, maana mahali penye umati simu huweza kukosa mawasiliano. Aliyepotea asitafute wenzake. Aende mahali pa kukutania akae.

Mwisho, andikeni katika daftari, mkiwa bado shuleni na akili zimetulia, mambo yatakayovunja safari. Kwa mfano: mvua kubwa ikinyesha usiku hata njia ya udongo haipitiki, basi likija na magurudumu yaliyokwisha, mkifika baada ya njia kufungwa, mahali palipobaki pa kusimama pakiwa ni nje ya kona. Jambo lolote katika hayo likitokea, mnarudi, wala hakuna mjadala. Uamuzi huu hauwezi kufanywa vizuri pale porini, mbele ya wanafunzi 20 wanaolia kwamba wamekuja mbali. Ufanywe mapema, usomwe mbele ya wazazi, kisha utiwe sahihi.

Wapo watakaosema kwamba huo ni woga. Wakumbusheni mwaka 1968. Magari 93 yaliondoka yakiwa na kasi, na 7 yakamaliza. Safari haikuwahi kumpa ushindi dereva asiyefika mwisho. Nasi tutahesabu safari yetu kuwa njema pale tu basi litakapoingia langoni na kiongozi wa kila kundi aseme, "Watano, wote tupo."

Maswali ya kujijaribu

1. Gari linakwenda kilometa 72 kwa saa, na unaona mita 200 za njia. Utaliona kwa sekunde ngapi? Magari yakiwa 24, utatazama mbio kwa dakika ngapi?

2. Katika mfano wa fedha, tuseme wanafunzi watano zaidi wamejiunga, wakawa 25 na walimu 2, na basi lina viti vya kutosha. Kila mwanafunzi atatoa kiasi gani? Eleza kwa nini kiasi hicho ni pungufu ya shilingi 1,870.

3. Chora ramani ya Bonde la Ufa kutoka Nairobi hadi Nakuru, uonyeshe Ziwa Naivasha, Ziwa Elmenteita, Gilgil na Hell's Gate. Weka alama mahali shule yako ingefaa kwenda, na utoe sababu mbili.

4. Panga saa ya kuondoka kwa shule yako, ukianza na saa ya kufungwa kwa njia na kurudi nyuma. Je, mtarudi kabla ya giza? Kama sivyo, mtafanya nini?

5. Andika barua kwa mzazi wako ukimwomba ruhusa ya kwenda. Usimwambie jinsi magari yanavyokwenda kasi. Mwambie utasimama wapi, utakunywa nini, na utarudi saa ngapi.